Kibao Kilichotikiswa

Ndugu zangu, leo sitawapeleka mbali. Alikuwapo bwana mmoja, karani mstaafu, aliyependa kuunda redio. Hakuifanya kazi hiyo kutafuta riziki, aliipenda tu. Kila Jumamosi mchana yeye na wenzake wenye wazimu huohuo walikusanyika katika darasa la shule ya msingi, kila mtu na makorokoro yake, wakaonyeshana walichounda wiki ile. Na walikuwa na sheria moja: kazi ikiwekwa mezani, haiguswi mpaka mwenyewe amalize kuieleza.

Bwana huyu alikuwa hodari wa kulehemu. Akishakigandisha kifaa kwa risasi iliyoyeyushwa, hakibanduki. Lakini alikuwa na donda moyoni. Mkewe alikuwa anapoteza usikivu, na daktari aliwaambia hata hicho kidogo kilichobaki hakitamaliza mwaka. Vifaa vya dukani hawakuvimudu, basi akaapa kumuundia mwenyewe kikuza sauti, walau mkewe asikie tena jina lake likiitwa. Mara tano alikiunda, mara tano kikapiga mluzi tu. Aliwasimulia wenzake huku machozi yakimlengalenga.

Katika kundi lile alikuwamo mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hakulehemu kabisa. Yeye alichomeka nyaya kwenye kibao cha matundu, akachomoa, akachomeka upya mpaka mambo yakae sawa. Bwana yule hakuweza kuvumilia. Kwake huo ulikuwa mchezo wa watoto, na hakuchoka kusema hivyo.

Jumamosi moja mama alikuja mapema, akaweka kibao chake mezani taratibu, kama mtu anayetua mtungi uliojaa. Hata hajafungua kinywa, bwana akakinyakua.

"Mwalimu, kazi ni ile inayohimili kutikiswa," akasema.

Akakigeuza juu chini, akakitikisa. Vipande vikamwagika sakafuni. Watu wakacheka. Ile sheria yao hakuna aliyeikumbuka siku hiyo. Ninyi mngecheka? Msinijibu haraka.

Mama akaviokota kimoja kimoja, akaaga, akaenda zake. Hakurudi tena.

Miezi ikapita. Kikuza sauti cha sita kikapiga mluzi, cha saba vilevile. Bwana akameza kiburi chake, akaenda kubisha hodi kwa mwalimu. Mama alimkaribisha, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamuuliza wifi anaendeleaje. Bwana akatikisa kichwa.

"Kaka, mluzi ule niliuondoa," mama akasema. "Nilipapasa wiki saba, nachomoa nachomeka, mpaka sauti ikatoka safi. Siku ile nilikuletea kibao ili wewe ukilehemu, maana mikono yangu inatetemeka."

Bwana akamuuliza, kwa sauti ndogo, kama aliandika mahali.

"Sikuandika. Kila kitu kilikuwa kwenye kibao."

Bwana akarudi nyumbani. Mkewe alikuwa jikoni amempa mgongo. Akamwita jina lake kutoka mlangoni. Akaita tena, kwa nguvu zake zote. Mkewe akaendelea kuchambua mchele.

Wapendwa, nimetafuta mwisho mwingine wa habari hii nikaukosa. Mnaona kilichotokea? Mmoja alijua kutafuta, mwingine alijua kukaza, na kila mmoja alihitaji mkono wa mwenzake. Sisi husema tunatetea kazi nzuri, kumbe tunaitetea mikono yetu. Tunafunga na kuomba. Jibu linaletwa mpaka mezani, ila limeshikwa kwa namna tusiyoipenda, nasi tunalitikisa likamwagika mbele ya watu. Tena tunacheka.

Nani humu hajawahi kumkatiza mwenzake kabla hajaeleza? Mimi nimewahi. Yupo mtu aliyekuwa akija kwangu na mambo yake, na haji tena. Mpaka leo sijui siku ile alikuwa ameniletea nini.