Mstari Mmoja wa Mlezi

Sogeeni, maana hukumu ya kisa hiki haijatoka.

Chuoni kwao Mbeya walikuwepo vijana watatu. Sikudhani alikuwa na subira ya mfinyanzi. Lwitiko hakuweza kupita kitu kinachotupwa bila kukiokota. Mbonea alikuwa na jicho: nukta iliyokosewa katika kurasa elfu ilimwita yenyewe.

Wanafunzi wasioona chuoni hapo walitumia kompyuta kuukuu zenye Kobe, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao watumiaji wake dunia nzima hawajazi ukumbi mmoja. Ndani ya Kobe aliishi Msomaji, programu ya bure inayosoma maandishi kwa sauti. Waliomuunda Msomaji hawakumjua Kobe. Kila walipotoa toleo jipya, sharti mtu alifumue na kulishona upya ili limwenee. Mtu huyo huitwa mlezi, na faili ya programu ina mstari mmoja tu wa jina lake.

Miaka minne jina lilikuwa la Sikudhani. Alishona matoleo kumi na tisa, na hakupigiwa makofi hata mara moja. Kisichoharibika hakina mashabiki. Mitihani ilipombana, akafuta jina lake, asije akaitwa mlezi ilhali halei. Kosa lake ni kwamba hakumwambia mtu.

Programu isiyo na mlezi huitwa yatima, na yatima akitimiza siku thelathini hufutwa. Siku ya ishirini na tisa Lwitiko akaona, akaandika jina lake.

"Wewe! Utamlea na nini, hata kuandika msimbo wa kompyuta hujui?" wenzake wakamcheka.

"Kwanza awe hai," akajibu.

Kisha likaja toleo la ishirini, na Msomaji akawa bubu. Zilibaki siku tisa, wanafunzi kumi na wawili wasioona waingie kwenye mtihani. Mbonea akajifungia siku mbili, akatoka na kiraka cha mistari sita ya msimbo. Mashine zikasema. Kumi na wawili wote wakafanya mtihani.

Ndipo ikaja barua: shirika moja la programu huria litamsomesha mlezi wa Msomaji miaka miwili. Jina moja, Ijumaa mwisho.

Lwitiko, kwa uungwana wake, akafuta jina lake kwanza. "Tuamue."

"Dada, wewe ulimtupa," Mbonea akaanza.

Sikudhani akamkatiza. "Nilimwacha akizungumza. Kiraka hubandikwa kwenye nguo, Mbonea. Nguo aliishona nani?"

"Bila mistari yangu sita, nguo yako ilikuwa bubu."

"Na hiyo sita ungeibandika wapi?" Lwitiko akadakia. "Kaburini?"

Wakamgeukia Atupele, mmoja wa wale kumi na wawili. Akacheka. "Leo mnataka asiyeona awaonyeshe njia? Haya."

"Mimi siombi huruma," Sikudhani akasema. "Miaka minne ihesabiwe, basi. Ikishindwa, ishindwe ikiwa imehesabiwa."

Atupele akapapasa kibodi, akafungua faili. Msomaji akasoma kwa sauti ile ile isiyopendelea mtu: "Mlezi. Mstari mtupu."

Atupele akaondoa mikono yake.

Sasa kibodi iko mbele yako. Usituambie "wote watatu". Mstari ni mmoja. Aliyemlea, aliyemwokota, au aliyemponya: wewe ungeandika jina la nani?