Mlango wa Watu Wawili

Koroma ni tunda la katikati. Si dafu tena, maji yake yamekwisha utamu. Wala si nazi bado, ukilikuna hupati tui la maana. Mtu akisimama mbele ya rundo la nazi, akaigonga hii, akaitikisa ile, akairudisha nyingine, wenzake huokota na kwenda zao, naye mwishowe huondoka na koroma. Ndiyo maana wahenga wakatuonya kwamba mchagua nazi hupata koroma. Wengi hulitumia onyo hilo kuwacheka wanaobagua wachumba. Lakini palikuwa na dada mmoja ambaye hakuwa akichagua mchumba. Alikuwa akichagua shujaa wa mchezo wa kompyuta, na aliyopata hayakuwa ya kuchekwa.

Dada huyo alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, kwenye kaunta ya nyuma penye mashine ya kuchanganya rangi. Watu walimletea vipande vya plasta, vitambaa vya mapazia, hata ganda la yai, wakitaka rangi inayofanana navyo. Alikuwa hodari wa kazi yake. Alidondosha nyeusi tone moja, njano matone mawili, akapaka kwenye kadi, akaikausha kwa kikaushio cha nywele kwa kuwa rangi mbichi ni mwongo, kisha akaenda kuitazama mlangoni kwenye mwanga wa jua. Isipolingana, alianza upya. Wateja walimwita Dada Rangi na walimsifu kila kona. Mama yake alimwita Bibi Kesho, maana hata nje ya kazi hali ilikuwa ile ile: chuoni alibadilisha kozi mara tatu, na viatu alivyonunua Jumamosi alivirudisha dukani Jumatatu.

Yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa tofauti kama mbingu na ardhi. Mdogo wake alikuwa fundi wa lifti. Ukimuuliza jambo alijibu hapo hapo. "Lifti haijui labda," alizoea kusema. "Inajua juu na chini tu." Alikuwa na miaka ishirini na tisa figo zake zote mbili zilipokata tamaa. Tangu siku hiyo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikaa saa nne kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu. Dada alipimwa ili amtolee figo yake moja. Damu zao hazikuoana. Mama naye alipimwa, lakini kisukari chake kikamkatalia. Basi jina la kijana likaingizwa kwenye orodha ya wanaongoja, orodha ndefu isiyosogea.

Mafundi wenzake walipokuja kumjulia hali walimletea kompyuta mbili zilizotumika, zote zikiwa na mchezo mmoja.

"Saa nne kitini bila kazi zitakumaliza kabla ya hizo figo," mmoja alimtania. "Moja yako, nyingine ya dada yako. Ni mchezo wa watu wawili."

Ulikuwa mchezo wa ufalme uliovamiwa na giza. Mchezaji alitakiwa kwanza kuchagua jamii ya shujaa wake. Palikuwa na Majitu, wenye vifua vipana kama milango. Wachimbaji, watu wafupi wa migodini. Wanamwitu wenye masikio marefu. Na Wamagamba, nusu watu nusu mijusi. Kisha alichagua namna ya kupigana: kwa nyundo uso kwa uso, kwa upinde akiwa mbali, kwa kuvizia, au kwa kutibu majeraha ya wenzake. Akishachagua, hakuna kurudi nyuma. Akijuta, sharti amfute shujaa wake na kuanza upya.

Jumatatu ya kwanza waliketi pamoja katika chumba kile chenye viti sita. Nesi alikuwa ameshachoma sindano mbili kwenye mkono wa kushoto wa kijana, na mashine ilikuwa ikizungusha damu kwa mlio wake wa kukwaruza. Kijana aliitazama skrini kwa dakika moja. Akabonyeza picha ya kwanza kabisa, Mchimbaji mwenye pua ya kiazi na nyundo begani.

"Huyu anatosha," akasema.

"Huyo?" Dada alishangaa. "Mbaya kama deni! Hujawaona hata wengine."

"Wengine wa nini, Dada? Nataka kwenda safari, sio kuoa."

Katika kiti cha jirani, mgonjwa mmoja mzee, dereva mstaafu wa malori aliyeitwa Mzee Gia, alicheka mpaka nesi akamkanya asitingishe mirija.

Dada hakuchagua siku hiyo. Alifungua daftari, akachora mistari, akaandika nguvu na udhaifu wa kila jamii. Siku ya tatu alichagua Jitu. Jitu lilikuwa na nguvu za ajabu, lakini alipofika kwenye mto likawa linazama, akalifuta. Akachukua Mwanamwitu mwenye upinde. Huyo alikuwa mwepesi kama unyoya, ila pigo moja tu lilimlaza chali. Akamfuta. Akajaribu Jitu tena, safari hii la kuvizia, nalo likaonekana kila lilipojificha.

Mdogo wake aliendelea na safari peke yake kwa wiki kadhaa, hadi alipofika kwenye mlango wa mawe uliowekwa katikati ya mlima. Mlango ulikuwa na mikono miwili ya chuma, mmoja kushoto na mwingine kulia, na ilipasa ivutwe kwa pamoja. Mchezaji mmoja hakuweza kupita. Mwenzake angemfikia pale, ila kwanza ilimbidi alimalize Bonde la Wanaoanza, kazi ya saa sita hivi. Dada hakuwahi kulimaliza. Kila alipokaribia ukingo wa bonde, aliona kasoro.

"Umemfuta tena?" mdogo wake alimuuliza Jumatano moja.

"Hakuwa anafaa. Nataka nije na mtu atakayekusaidia, sio mzigo. Nipe siku mbili."

"Mimi nipo mlangoni, Dada. Njoo hata na kuku."

Alisema akitabasamu, lakini uso wake ulikuwa umeanza kuvimba chini ya macho. Miguu nayo ilikuwa imevimba, viatu havikumwingia tena, akawa anakuja hospitali na kandambili za Mama. Mwezi wa pili mshipa wa mkononi uliziba, wakamwekea mpira wa kupitishia damu shingoni. Mwezi wa tatu daktari alimwita Dada pembeni, kwenye korido, akamwambia kwamba moyo wa ndugu yake umechoka. Hakutaja siku wala wiki. Alisema tu, "Kama kuna jambo mnataka kufanya pamoja, lifanyeni."

Dada alirudi chumbani akiwa amepiga moyo konde. Wakati huo alikuwa na shujaa wa nne, Mmagamba mganga, mwanamke wa kijani aliyebeba mkoba wa majani. Alikuwa amempenda kuliko wote, na alikuwa amebakiza daraja moja tu alimalize bonde.

"Ijumaa," alimwambia mdogo wake. "Ijumaa nakuja mlangoni. Naapa."

"Huyu wa magamba?"

"Huyu huyu."

"Afadhali. Mimi nikipigwa, atanitibu." Akafumba macho kidogo, kisha akayafumbua. "Dada, nikuulize kitu? Hivi unaogopa nini?"

"Naogopa nini wapi?"

"Hapo. Kila ukikaribia, unafuta."

Dada alijifanya anatafuta chaja kwenye mkoba. Ukweli aliujua. Mafundi walipowaambia kwamba safari kutoka ule mlango hadi mwisho ni siku chache tu, alikuwa ameingiwa na hofu. Maadamu hajachagua, safari haijaanza. Na safari isiyoanza, alijidanganya, haiwezi kwisha.

Alhamisi jioni, alipofungua kompyuta nyumbani amalizie lile daraja, mchezo ulimpokea kwa tangazo. Jamii mpya ilikuwa imeongezwa: Watu wa Ukungu. Walipenya kuta, walitibu, walipigana, hawakuzama. Dada alisoma tangazo mara mbili, mate yakimjaa mdomoni. Huyu ndiye. Huyu hana kasoro. Akiwa naye, mdogo wake hatapigwa hata kofi moja. Lakini mchezo ulimruhusu kila mchezaji shujaa mmoja tu, na nafasi yake ilikuwa imeshikwa na yule Mmagamba.

Mama alipita na kikapu cha nguo zilizokauka. "Bado unachagua?"

"Namalizia, Mama."

"Mwenzio anakuuliza kila siku. Leo kaniuliza kabla hajalala, Dada kafika?"

"Mwambie kesho."

"Kesho!" Mama alishusha kikapu. "Wewe na kesho mtakuja kuzaa mtoto gani?"

Dada alicheka, akabonyeza. Mmagamba akatoweka.

Ijumaa Dada alipitia kazini kwanza, na alipofika hospitali kiti cha mdogo wake, karibu na dirisha, kilikuwa kitupu. Mzee Gia ndiye aliyemwelekeza. "Wamempandisha wodini, mwanangu. Alikuja hawezi kupumua. Nenda, usisimame hapa."

Alimkuta ameegemezwa mito mitatu, barakoa ya hewa usoni, Mama ameshika miguu yake kana kwamba angeweza kuikamua maji yaliyoivimbisha. Kompyuta yake ilikuwa kwenye kabati dogo, imefungwa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kiasi kwamba havikuweza kukunjika.

Alimwona dada yake akaivuta barakoa pembeni. "Umefika mlangoni?"

Dada angeweza kusema uongo. Ulimi wake ulikataa. "Nimemfuta, mdogo wangu. Imetoka jamii mpya. Watu wa Ukungu. Ni wazuri sana, hutaamini..."

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo wako."

"Bado sijampa jina. Nilikuwa nachagua."

Kijana alicheka kicheko kifupi kilichogeuka kikohozi, na Mama akamrudishia barakoa kwa haraka. Alipotulia, aliunyoosha mkono wake mzito juu ya shuka, Dada akaushika. Saa saba mchana, wakati wahudumu wakisukuma kigari cha vyombo kwenye korido, mashine iliyohesabu mapigo ya moyo wake ilianza kulia, na daktari aliyekuja mbio hakukaa sana.

Walimzika Jumatatu. Mafundi wa lifti ndio waliobeba jeneza. Mzee Gia hakuweza kuja. Siku za mashine hazina ruhusa.

Wiki mbili zilipita Dada akiwa mtu wa kukaa tu. Kazini alimchanganyia mteja rangi ya krimu ikatoka kijivu, na hakuona tofauti mpaka alipoambiwa. Jumapili moja asubuhi aliichukua kompyuta ya marehemu, akaifuta vumbi, akaiwasha juu ya meza ya chakula.

Yule Mchimbaji mwenye pua ya kiazi alikuwa ameketi kando ya mlango wa mawe. Mchezo ulionyesha kwamba alifika pale siku sitini na mbili zilizopita, na tangu hapo alizunguka jirani tu na kurudi. Dada alifungua mkoba wake aone alichobeba. Hakuwa na silaha mpya wala chakula. Palikuwa na deraya kubwa ya chuma, ya kuvaliwa na Jitu pekee. Palikuwa na mishale mia mbili ya Wanamwitu. Palikuwa na joho la kuvizia la kumtosha Jitu. Palikuwa na majani ya dawa ya Wamagamba, yamefungwa mafungu mafungu. Kila aliyemchagua, mdogo wake alikuwa amemtafutia mapokezi, na hata alipofutwa hakukitupa kitu chake.

Dada aliweka kichwa mezani akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata makaburini.

Kisha akaleta kompyuta yake. Alibonyeza picha ya kwanza aliyoiona, bila daftari, bila kusoma. Hata sasa hivi ukimuuliza ilikuwa jamii gani, hakumbuki. Alicheza tangu asubuhi ile hadi jua lilipoanza kuteremka, akavuka daraja, akalimaliza Bonde la Wanaoanza, akapanda mlima. Shujaa wake akasimama kando ya Mchimbaji. Dada akaziweka kompyuta mbili ubavu kwa ubavu, kidole kimoja huku, kingine kule, akabonyeza kwa pamoja. Mikono ya chuma ikashuka. Mlango ukafunguka.

Ng'ambo palikuwa na njia ndefu ya mawe na mwanga. Aliingia hatua moja, akasimama. Mchimbaji hakumfuata. Akaivuta kompyuta ya pili, akamsogeza Mchimbaji hatua moja, na shujaa wake akabaki nyuma. Akarudi kwenye ya kwanza. Akaenda tena kwenye ya pili. Adui wa kwanza alipotokea, alimpiga mmoja wakati Dada akiwa na mwingine.

Mama alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti chake. "Ndio huu mlango aliokuwa anakungojea?"

"Ndio huu, Mama."

"Si umefunguka? Mbona hamwendi?"

Dada alitoa mikono yake juu ya vitufe vyote. "Hakuna wa kumtembeza, Mama."

Mama hakumkaripia wala hakumkumbusha habari za kesho. Alivuta kiti, akaketi, akaitazama picha ya mtu yule mfupi aliyesimama kwenye mwanga bila kwenda popote. Akamwekea binti yake mkono begani, na wakakaa hivyo mpaka skrini zikajizima zenyewe.

Safari aliipata Dada, na mlango ulimfungukia, lakini aliyeitaka safari ile hakuwepo tena. Hakika, mchagua nazi hupata koroma.