Makofi, Pilau na Kalamu

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, palikuwa na kiwanda cha sabuni Korogwe. Mkurugenzi wake aliitwa Mwantumu Shemdoe, mwanamke asiyetetereka. Akisema sabuni inatoka Jumatatu, basi inatoka Jumatatu.

Kiwanda kilikuwa na desturi yake. Mkataba wa mkubwa yeyote ulisomwa mbele ya wafanyakazi, wakapiga makofi, ukatiwa saini, ndipo watu wakala pilau.

Siku moja Semboja, meneja wa mauzo, alidai cheo kipya alichosomewa na kupigiwa makofi. Mwantumu akaugeuza mkataba wake huku na huku. Hauna saini.

"Kaka yangu, karatasi isiyo na saini ni ya kufungia vitumbua."

Semboja akaenda zake Arusha, moyo unamuuma.

Mkataba wa Mwantumu nao ukaisha. Mpya ukasomwa, miaka mitano mingine. Makofi! Lakini siku hiyo pilau liliwahi kuiva, na harufu yake, jamani! Mzee Hoza, mwenyekiti wa bodi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunawa. Kalamu ikabaki mezani.

Mwantumu akachapa kazi. Wenye kiwanda cha Moshi walipomwita, alikataa. "Nina mkataba," akawaambia. Mtambo mkuu ulipokufa, alikwenda mwenyewe Mombasa kutafuta spea.

Huku nyuma bodi ikapekua kabati. Lahaula! Mkataba hauna saini. "Kumbe hatuna mkurugenzi!" Wakamwajiri Semboja, na safari hii wakatia saini kabla sufuria halijainjikwa.

Mwantumu akarudi na spea zake, akamkuta kitini.

"Inuka, kaka. Hapo pangu."

"Saini yako iko wapi, dada?"

Ilimchoma. Lakini hakuinamisha kichwa.

"Makofi yalisikika mpaka sokoni. Nimeikataa Moshi kwa ajili ya makofi hayo. Mtambo utanguruma kwa spea hizi."

"Nami nimeacha kazi Arusha, nimehamisha wanangu shule. Na sheria hii ulinifundisha wewe, hapahapa, mbele ya watu."

Mzee Hoza akajikuna kidevu. "Kosa ni langu. Nilikuwa na njaa."

"Na sisi tuliopiga makofi?" wafanyakazi wakauliza. "Yalikuwa ya nini?"

Haya, msinitazame mimi, nami pilau lile nililila. Kiti ni kimoja, na wote wawili wamekishika. Je, nani alistahili kukikalia?