Chupa Mdomoni mwa Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa kwa wadogo, sogeeni karibu, nisipaze sauti.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana barabara ya lami ilikwisha kufika, aliishi ndege Hondohondo na mkewe, Wakesho. Walipendana. Alipo mmoja, na mwingine yupo.

Siku za kutaga zikafika. Wakesho akaingia ndani ya tundu la mti. Wakauziba mlango kwa udongo, mke ndani, mume nje. Ukabaki upenyo mwembamba wa kupitishia chakula. Ndivyo walivyo hondohondo. Humo ndani manyoya ya mama hupukutika, hawezi kuruka, humtegemea mumewe. Kwa hiyo wakaagana: mume akifika aite kwanza, ndipo mke apokee. Asiyeita ni adui, labda nyoka.

Basi kila siku mume akaita, mke akaitika, panzi akapita upenyoni. Vifaranga wawili wakaanguliwa. Wakala, wakanenepa.

Siku moja likapita gari, vuuu! Dereva alikuwa anakunywa juisi ya embe. Akabakiza kidogo, akashusha kioo, akairusha chupa ya plastiki nje, akaenda zake. Chupa ikabingirika, kwa-kwa-kwa, ikalala majanini. Wadudu wakaufuata utamu ndani. Hondohondo akawaona, akawawazia wanawe. Akatumbukiza mdomo wake mrefu. Akauvuta, haukutoka. Akauvuta tena. Haukutoka.

Akaruka hivyo hivyo mpaka nyumbani. Akataka kuita, mdomo haufunguki. Akagonga ukuta: ko, ko, ko.

Wakesho akachungulia. Akaona kitu kinang'aa, hakijui. Akauliza ni nani. Kimya. Akakidonoa kwa nguvu, akakifukuza.

"Baba watoto," akaita, "rudi upesi. Kuna mtu mlangoni."

Mumewe yupo pale pale, juu ya tawi, anamsikia.

Kukachwa, kukapambazuka, kukachwa tena. Wakesho akaita asubuhi, akaita jioni. Akasema kama panzi wameadimika, si kitu, aje mikono mitupu, mradi aje. Akasema amechoka kusikiliza peke yake.

"Kila jani likitikisika," akasema, "nadhani ni wewe."

Mumewe akisikia hayo, hushuka, hugonga: ko, ko, ko. Akigonga, hufukuzwa. Hurudi tawini. Humo ndani vifaranga wanalia njaa, na sauti zao zinapungua.

Mwisho nguvu zikamwishia Hondohondo. Akaanguka chini, pu! Jirani yao Nguchiro akamkuta. Hakuuliza mengi. Akaiguguna ile chupa, kru, kru, kru, mpaka shingo ya chupa ikapasuka.

Hondohondo akamdaka panzi wa kwanza aliyemwona, akapaa.

"Wakesho, nimerudi."

Mdomo wa Wakesho ukatokeza upenyoni, polepole, umepauka. Akampokea panzi, hakumla. Akampa kifaranga aliyebaki. Yule mwingine alikwisha kufa kwa njaa.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Hapa hapa, mke wangu. Yule aliyekuwa akigonga ni mimi."

Wakesho akauegemeza mdomo wake juu ya mdomo wa mumewe. Wakakaa hivyo mpaka jua likazama.

Na dereva? Alifika kwake salama, akala, akalala. Hakujua kitu. Mpaka leo hajui.

Basi ninyi mnaoendesha magari, nanyi watoto mnaopenda kukaa dirishani, nisikilizeni. Msitupe taka nje ya gari. Chupa ni yako, kaa nayo mpaka ufike penye pipa. Wewe hapo unapita tu. Wenzako ndiko kwao.

Hadithi yangu naiacha hapo, kando ya barabara. Nendeni salama.