Jumba Lisilo na Baraza

Palikuwa na Liwali mmoja, Bwana Azani, aliyetaka jumba la kisasa la kukaa na familia yake, na akalitaka likamilike kwa miezi mitatu tu. Fundi akapatikana mimi, Msabaha. Msicheke! Nyumba yangu mwenyewe, ubavuni mwa kiwanja chake, imepinda hadi paka wanaiogopa. Mlango wake ukitaka kuufunga, sharti kwanza uubembeleze. Kilichonyooka pale ni baraza peke yake, na hiyo aliijenga marehemu baba.

Liwali akaniita.

"Msabaha, ndani sitaki kuta. Sebule, jiko, pa kulia, pa kulala, vyote viwe ukumbi mmoja. Na nje sitaki baraza. Watu watanijazia mlango kwa soga zao."

"Bwana, wageni wa kike wakija, wewe utakaa wapi?"

"Nyumbani kwangu! Ushamba wako peleka kibandani kwako."

"Naam, Bwana."

"Na hicho kibanda kinaniharibia sura ya jumba. Siku nitakayohamia, ukibomoe."

"Mke wangu na wanangu watalala wapi?"

"Wewe si fundi? Jenga!"

Wallahi nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Kisha nikalijenga jumba, likatoka zuri hasa. Hata mimi sikuamini kuwa ni kazi yangu.

Siku ya kuhamia, wanawake wa mji mzima wakaja kumpa hongera mkewe. Viatu vikajaa mlangoni, mabuibui yakavuliwa, vigelegele juu. Adhuhuri Liwali akarudi na njaa yake, akapiga hodi.

"Usiingie!" mkewe akapaza sauti. "Wageni wamevua mabuibui, na humu hamna hata ukuta wa kuwasitiri!"

"Nataka kula!"

"Utaletewa huko huko. Kakae barazani!"

Baraza gani? Masikini Liwali akalizunguka jumba lake mara mbili juani, kilemba kimelowa jasho. Nachungulia dirishani, namwona huyo barazani kwangu, kajibanza kivulini, sahani ya pilau mapajani, anakula kwa raha zake.

Nikatoka na mtaimbo begani.

Akashtuka. "Msabaha! Unakwenda wapi na mtaimbo?"

"Kubomoa, Bwana, ndiyo amri yako. Hebu nyanyuka kidogo, naanzia hapo ulipokaa."