Akida wa Ndege

Palikuwa na liwali mmoja, Humud, aliyependa usingizi kuliko kutawala. Alilala baada ya kustaftahi, akalala baada ya kula, na jioni akalala kidogo ili apate nguvu za kulala usiku. Nyumba yake ilitazama bonde la mpunga. Mpunga ulipoiva, wakulima wakashuka kuamia ndege, kuwafukuza kwa makelele. Liwali akaamka amenuna, akatoa amri: marufuku mkulima kupiga kelele bondeni.

Wakulima wakamtuma Ngwali, mwenye kishamba kidogo na mdomo mkubwa.

"Bwana, tusipoamia, ndege watamaliza mpunga. Watoto wetu watakula nini?"

"Waambieni ndege waache."

"Sisi wanyonge, bwana. Bila makelele hawatujali."

Wazee wa baraza wakaficha vicheko. Liwali hakucheka. "Mdomo huo unafaa serikalini. Tangu leo wewe akida wa ndege. Wakila punje moja, nakufunga. Nikisikia kelele za mkulima, nakufunga."

Ngwali akapiga magoti kama anayeshukuru. "Ahsante, bwana. Basi nitambulishe kwa raia wangu. Kila akida hapa ametambulishwa na liwali mwenyewe, kwa pembe ya siwa na ngoma. Mimi nimekosa nini?"

Wazee wakaitikia: desturi ndiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi liwali akashuka bondeni, joho linapepea, matope magotini, mji mzima nyuma yake. Siwa ikalia. Ngoma zikajibu. Ndege wote wakaruka.

"Raia wako wamekimbia, akida."

"Wameinuka, bwana. Liwali akifika, nani abaki amekaa?"

Liwali akatabasamu. Akangoja. Jua likapanda, akapiga miayo.

"Waambie wakae, nikalale."

"Watakaaje, bwana, na wewe umesimama?"

"Basi naondoka."

"Haya, bwana. Watashuka, watakula, utanifunga. Na watu watasema Liwali Humud alitambulisha akida, raia wakampuuza. Leo ndege. Kesho sisi."

Liwali akageuka kuutazama mji. Mji ukamtazama. Akabaki pale pale, wima katikati ya mpunga, joho likipepea, wala hakuna ndege aliyethubutu kusogea. Kufika adhuhuri alikuwa anayumba.

"Mpaka lini, Ngwali?" akauliza, amefumba macho.

"Tunamaliza kuvuna baada ya siku tisa, bwana. Ukichoka kusimama, wapo wakulima wenye sauti nzuri sana, ila kuna mtu amewapiga marufuku."