Siku Fisi Alipomshinda Pimbi

— Ngano yangu inabisha hodi.
— Karibu, ipite ndani.
— Imetoka mbali, imechoka.
— Ipeni kigoda ikae.

Basi mwaka huo jua liliwaka, visima vikakauka, likabaki dimbwi moja tu chini ya jabali. Fisi akalifanya lake. Akakaa ukingoni, mbele yake mfupa wenye nyama bado, na kila aliyekuja kunywa alitakiwa ajigambe kwanza, kama wanavyojigamba mashujaa ngomani.

"Sema umefanikiwa nini maishani. Nikikushinda, hunywi."

Swala akajigamba kwa mbio. Fisi akasema, "Mimi nimemla mwenye mbio." Swala akarudi na kiu yake. Ngiri akajigamba kwa meno. Fisi akasema, "Mimi nimemla mwenye meno." Ngiri akarudi na kiu yake.

Juu ya jabali alikaa Pimbi, mnyama mdogo wa mawe asiye hata na mkia, pamoja na mwanawe. Ulimi wa mtoto ulikuwa umekauka kau.

"Subiri, mama anafikiri."

Mtoto hakusubiri. Chururu, akateleza hadi majini, na pu, unyayo wa Fisi ukamkalia mgongoni.

Moyo wa Pimbi ukapiga du, du, du. Akashuka polepole. Akikimbia atamchokoza, akilia atamfurahisha.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Jigambe. Nikikushinda, huyu ni kitoweo."

"Asubuhi nimekula majani, nikashiba. Likabaki jani moja, nikaliacha."

Fisi akangoja. "Kisha?"

"Basi. Hayo ndiyo mafanikio yangu."

Vichakani wanyama wakacheka. "Na hayo nayo ni mafanikio?" akauliza Fisi.

"Kwangu mimi, ndiyo. Wewe huyawezi, bwana mkubwa, usijisumbue."

Hapo alimgusa penyewe. Fisi hajawahi kuambiwa hawezi. Akautazama mfupa. Mate yakamdondoka, to, to, to. Akausukuma mbele kidogo.

"Nami naacha. Mfupa huu siugusi."

"Umeacha kimoja," akasema Pimbi. "Nami nimeacha kimoja. Tumelingana."

"Mimi silingani na pimbi."

Fisi akazungusha macho akitafuta cha pili cha kuacha. Huku hakuna, kule hakuna, ila kile kilichokuwa chini ya unyayo wake. Pimbi alimwona mwanawe amefumba macho. Alitaka kupiga yowe, akaliuma.

Unyayo ukainuka.

"Viwili," akasema Fisi.

"Umenishinda kabisa, bwana mkubwa," akasema Pimbi, huku akimvuta mwanawe pembeni. "Ila huo mfupa usiuguse, watu wanatazama."

Fisi akafumba macho asiuone mfupa, akaziba pua asiunuse. Nyuma yake mtoto akanywa, gu gu gu. Pimbi akanywa. Swala akarudi akanywa, Ngiri akarudi akanywa. Fisi aliwasikia wote. Lakini akifumbua macho atauona mfupa, akiuona ataula, na akiula atakuwa sawa na pimbi.

Basi wanangu, funzo ni hili: shindaneni na kila mtu, kwa kila jambo, mshinde kama Bwana Fisi. Pimbi msimwige kabisa. Yule alishindwa mbele ya umati, akaenda zake kuota jua na mwanawe.

Ngano yangu naitua hapa, mwenye kichwa ajitwike.